Lorna Entwistle na Zile Elfu Ishirini na Tisa

Ukitaka kuzungumza na Lorna Entwistle, mfuate huku unatembea, maana yule hakai. Nimefanya naye kazi jiko la shule ya msingi hapa Bacup, mji mdogo wa Waingereza, miaka mingi, na nyumba zetu zinagawana ukuta mmoja, lakini mwaka ule maongezi yetu yote yalikuwa ya njiani. Yeye mbele, mimi nyuma nahema, namwambia, "Lorna, punguza mwendo bwana, mimi si mbuzi." Haisaidii kitu. Anageuka, anacheka, anatazama saa, anazidisha mwendo.

"Nikisimama nitalala, Moza," ananijibu. "Na nikilala nimekwisha."

Alikuwa na kazi tatu. Asubuhi jiko la shule pamoja na mimi, jioni kusafisha ofisi mji wa pili, na Jumamosi na Jumapili kukaanga viazi kwenye baa iliyo karibu na kanisa. Yote hayo kwa ajili ya mwanamume mmoja, fundi wa matarumbeta, aliye nchi nyingine na asiyeruhusiwa kuja kuishi na mkewe mpaka mke athibitishe kwamba anaingiza pauni elfu ishirini na tisa kwa mwaka. Sikiliza vizuri: mke, si mume. Mume hata awe anachimba dhahabu huko kwao, haihesabiki. Na jiko la shule lilikuwa linampa Lorna nusu ya hizo, tena nusu ya kuvutavuta.

Huyo fundi alimpata hivi. Huku kwetu mtoto wa ukoo wa Entwistle anapewa tarumbeta kabla hajapewa kijiko. Babu yake alipiga katika bendi ya mji, baba yake akapiga lile kubwa kuliko yote, na Lorna anapiga lile la kati, la kukumbatia kama mtoto mchanga. Kiangazi kimoja bendi ikaalikwa kwenye tamasha huko Serbia. Siku ya kwanza tu vali moja ya tarumbeta lake, kile kitufe cha kubonyeza, ikakwama, wakampeleka uchochoroni kwa fundi mmoja aliyefiwa na mke, jina lake Radoje. Radoje akalifungua, akalichungulia, akamwuliza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, "Nani amekutunzia hiki chombo? Adui yako?" Lorna alikuwa na miaka arobaini na sita, hajaolewa wala hajatafuta. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Ndiyo mara ya mwisho niliyosikia kwamba alikaa.

Wakaoana kiangazi kilichofuata, huko huko. Mpango ulikuwa Lorna ahamie kwa mumewe. Alishaanza kugawa vitu, mimi nikapewa feni na sufuria mbili. Kabla ya baridi kuingia, baba yake akapigwa na kiharusi. Mama hayupo, ndugu hana. Basi mpango ukageuzwa: mke hawezi kwenda, mume aje. Kusema ni rahisi.

Sasa nikueleze habari za Mzee Wilf, baba yake Lorna. Alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma pamba tangu ujana mpaka kiwanda kilipofungwa. Mrefu, mkavu, mdomo wake mchungu. Kiharusi kilimwachia mkono wa kushoto unaolala tu pajani na mguu unaoburuta. Kila alfajiri saa kumi na moja Lorna anamwinua, anamwosha, anamnyoa, anamvisha shati, anamfunga vifungo kimoja kimoja, kisha anamfunga tai. Naam, tai, ya kukaa kitini kutazama dirishani. Jioni anayafanya yote tena kinyumenyume. Halafu akija mgeni, awe nesi au mtu wa manispaa, Mzee Wilf anamkaribisha kwa sauti ya jemadari na kumwambia hana shida yoyote, asante sana, mlango ni ule.

"Entwistle hajawahi kuomba," anasema. Nimelisikia neno hilo mpaka masikio yamechoka. Baba yake hakuomba viwanda vilipokauka, babu yake hakuomba wakati wa vita, walikula viazi na chumvi wakafunga mapazia. Na si yeye peke yake. Mtaa huu una watu wanaoweza kuganda kwa baridi bila jirani kujua kwamba hawana moto. Kwetu Tanga tulikuwa maskini kwa sauti, kila mtu anajua nani kakosa unga. Hawa ni wa kimyakimya. Nimeishi nao mpaka mvua yao imenizoea, lakini hilo bado linanipandisha presha.

Na usidhani Lorna ni tofauti. Damu ni ile ile.

Mwezi wa nne wa kukimbia kwake, tulikuwa tunagawa chakula cha mchana. Sharti la viza lilikuwa hati za mshahara za miezi sita mfululizo, waajiri wale wale, bila kukatika. Simu ikatetemeka mfukoni mwa aproni yake. Akasoma. Akaendelea kugawa pai, lakini nikaona mtoto wa mbele kwenye foleni kawekewa tatu.

"Kuna nini?" nikamwuliza.

"Ofisi zinahamia Manchester. Kazi ya jioni mwisho wake Ijumaa."

"Utapata nyingine, shoga yangu. Vyoo havijaisha duniani."

"Nitapata, ndiyo. Kisha nianze kuhesabu moja tena." Akampa mtoto wa pili pai tatu. "Moja tena, Moza. Kama sikuwahi kuamka."

Saa tisa Radoje akapiga, kama kawaida yake. Tulikuwa tumepitia dukani, tunapanda kilima kurudi nyumbani, mikono yake imejaa mifuko, kwa hiyo simu iliongea kwa sauti na mimi nikasikia yote, sikutafuta.

"Lorna, umekula?"

"Nimekula."

"Mwongo."

"Nimekula ukoko wa pai. Radoje, kazi ya jioni imekufa. Tunaanza upya."

Nikasikia nyundo ndogo ikiwekwa chini mahali fulani Serbia.

"Upo?" Lorna akauliza.

"Nipo. Nafikiri."

"Unafikiri nini?"

"Nina miaka hamsini na nne. Nitangoja, usiogope. Ila ningependa kungoja nikiwa bado na meno."

Lorna akacheka. Simu ilipokatika akalia, na hata kulia alilia akitembea, machozi yanapeperushwa na upepo wa kilima yanaishia kwenye skafu. Mimi nikamshika mkoba nikamvuta. "Weee! Simama. Jumatano kuna mama anakaa maktaba anashauri watu bure. Tunakwenda." Akasema hana muda. Nikamwambia atakwenda hata kama ni kwa kuburutwa, na mimi nina kilo za kutosha.

Mama mwenyewe anaitwa Shagufta. Kazaliwa barabara ya pili kutoka kwetu, anaongea lafudhi ya Bacup nzito kuliko ya Mzee Wilf. Alimsikiliza Lorna, akapiga hesabu za zile kazi, akatikisa kichwa. Kisha akauliza swali la pembeni kabisa.

"Unaishi na baba yako?"

"Naishi kwake. Nyumba ni yake, ilishalipiwa."

"Anajiweza?"

"Anajiweza," akasema Lorna.

Nikampiga teke chini ya meza. "Ebo! Nani anamwosha basi, malaika?"

Lorna akaona haya, uso ukawa mwekundu mpaka shingoni. Shagufta akaweka kalamu chini, akamwuliza taratibu anamfanyia nini baba yake, kuanzia kuamka mpaka kulala. Lorna akawa anajibu nusu nusu huku mguu wake unapiga sakafu tap-tap-tap. Mimi nikawa namalizia nusu zilizobaki.

"Sikilizeni," Shagufta akasema. "Mtu anayemtunza mgonjwa kiasi hicho ana haki ya posho ya serikali. Na anayepokea posho hiyo, lile sharti la elfu ishirini na tisa halimgusi. Anaonyesha tu kwamba yeye na mumewe watakula na watalala bila kusaidiwa. Kwenu nyumba ipo. Lakini ili uipate, inabidi mapato yako ya kazi yawe madogo. Saa chache tu za shule, basi. Nyingine zote uache."

"Niache?" Lorna akasema, kana kwamba hakusikia.

"Uache. Ukae na baba yako."

Loo! Nilicheka, lakini si kicheko cha furaha. Mwanamke kakimbia miezi yote hiyo kuelekea kaskazini, kumbe nyumba iko kusini.

"Kuna jambo moja," Shagufta akaongeza. "Wewe hupewi mpaka yeye apewe posho ya kwake kwanza. Yaani mzee mwenyewe aseme kwamba hawezi kujiosha, hawezi kuvaa. Atie saini kwa mkono wake."

Lorna akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni. "Basi haiwezekani."

"Umemwuliza?"

"Simwulizi."

Tulirudi kwa mwendo wa kugombana. Nikamwambia amweleze baba yake sababu, mbona ni neno moja tu, baba, bila wewe kusema ukweli mume wangu haji. Akanigeukia katikati ya barabara, gari likapiga honi, hakujali.

"Nikimweleza sababu atakubali kwa ajili yangu. Unaelewa? Atakubali, na kila asubuhi nitakapomfunga tai atajua nimemfanya ajiite kilema ili mimi nipate mume. Siwezi. Na wewe usimwambie. Apa."

Nikaapa. Tabia yangu ni mbaya, naapa upesi.

Tulichokubaliana ni kwamba Shagufta aje nyumbani amwulize mzee mwenyewe, bila kutaja Radoje. Na hapo sasa ndipo Lorna alipofanya kosa ambalo angelifanya mtu wa mtaa huu peke yake. Mtu anakuja kuona kama baba hawezi kujihudumia, na yeye akaamka mapema zaidi kumpamba! Alimnyoa mara mbili, akampaka mafuta nywele, akamvisha suti aliyozikia mkewe, viatu vinang'aa. Akasugua hata kizingiti cha mlango, akatoa vikombe vya harusi ya mama yake. Nilipoingia nikadhani kuna posa.

"Lorna, umefanya nini?" nikamnong'oneza.

"Mgeni anakuja," akanijibu, na alishangaa kweli kwamba nauliza.

Shagufta akaketi, akapewa chai. "Mzee, asubuhi unavaa mwenyewe?"

"Unaniona uchi?"

"Kuoga je?"

"Kila siku. Sogea unuse."

"Chakula unakata mwenyewe?"

"Meno ninayo, mama. Mengine ni yangu."

"Kuna mtu anakusaidia hapa nyumbani?"

Mzee Wilf akamtazama binti yake, aliyesimama mlangoni koti mwilini, mkono tayari kwenye kitasa. "Huyu ananipikia chai. Mbaya. Hiyo unayokunywa."

Shagufta akamgeukia Lorna akangoja. Mimi nikamkodolea macho: sema, mwanamke, sema. Lorna akatazama saa. "Nachelewa kazini," akasema, akatoka. Mlango ukafungwa, na kupitia dirishani nikamwona akiteremka kilima mbio, suti ya baba yake ikiwa bado inanukia pasi.

Basi akapata kazi nyingine ya jioni, ikaangukia saa za mazoezi ya bendi. Wiki moja akakosa, ya pili akakosa. Matarumbeta ya bendi zetu ni mali ya bendi, asiyepiga halikai kwake. Akalifuta, akalitia sandukuni, akalipeleka ukumbini. Ukuta wangu ukanyamaza. Miaka yote nilikuwa nalalamika kwamba nyimbo zake zinaniharibia tamthilia zangu za televisheni, na sasa nikawa nakaa naongeza sauti ya televisheni ili nisisikie ule ukimya. Nikashindwa hata kukaa. Uhangaikaji ule ukawa umeniambukiza, nasugua jiko ambalo nimeshalisugua.

Mimi natoka kazini saa nane, na Lorna akitoka anakimbilia kazi nyingine, kwa hiyo nilikuwa nampitishia Mzee Wilf chakula. Siku hiyo ilikuwa nyama ya kondoo na viazi vya kuoka. Nilikuta mpira mdogo wa mazoezi umebingirika chini ya meza. Mtu wa hospitali alimpa aufinye kwa mkono wa kushoto kila siku, ni mzuri kwa damu na kwa moyo.

"Mzee, mpira uko chini tena."

"Uache huko. Kaburi halihitaji mkono wa kushoto." Akachoma kiazi kwa uma, kikateleza. Akakiacha. "Moza, Lorna amegombana na bendi?"

"Kwa nini?"

"Hapigi. Nasikiliza, hapigi. Tangu lini mtu wa nyumba hii hapigi?"

"Amelirudisha tarumbeta."

Uma ukasimama. "Amerudisha nini? Nani kamwambia arudishe?"

Kiapo changu kikanijia, wallahi kikanijia, na nikakipita. "Wewe," nikamwambia. "Wewe ndiye umemwambia, na suti yako na meno yako!" Nikamwaga yote. Kazi tatu, miezi iliyohesabiwa ikarudi moja, Radoje na kungoja kwake, posho, saini, na yule mama wa maktaba alikuja kufanya nini. Nilipiga kelele mpaka paka wa jirani akaondoka dirishani. "Kwetu tunasema mficha uchi hazai, Mzee Wilf. Wewe umeuficha wako vizuri sana, na anayekosa ni binti yako!"

"Umemaliza?"

"Bado!"

"Malizia basi, chakula kinapoa."

Nikaendelea kidogo, lakini maneno yakaanza kuniishia. Mzee alikuwa anatazama ule mkono wake wa kushoto pajani kama kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa pale.

"Mbona hakuniambia mwenyewe?" akauliza hatimaye.

"Alijua ungekubali. Hilo ndilo analoogopa."

"Mjinga."

"Nani, Lorna?"

"Wote wawili." Akasukuma sahani. "Mwite yule mama. Alhamisi asubuhi. Na usimwambie Lorna kitu, maana naona kuficha siri ni kipaji chako."

Alhamisi nilipofika na Shagufta, Lorna alikutana nasi mlangoni beseni mkononi, nywele zimesimama. "Hataki nimguse! Tangu alfajiri. Hataki kuoshwa, hataki kunyolewa, kanifukuza kwa gongo lake. Sijui ana nini. Shagufta, nisamehe, huwezi kumwona hivi, njoo siku nyingine."

"Mlete ndani," sauti ikatoka sebuleni.

Mzee Wilf alikuwa kitini na nguo za kulalia, kimoja cha vifungo vyake kimekosewa tangu usiku, ndevu nyeupe mashavuni, na chumba kina harufu, nisiseme uongo. Shati safi lilikuwa limelala mapajani mwake. Lorna akawa anazunguka chumba, anaweka beseni, analiinua, anafungua dirisha, analifunga.

"Kaa chini, Lorna," akasema mzee.

"Siwezi kukaa, baba, tazama ulivyo."

"Mama," akamwambia Shagufta, "uliniuliza kama navaa mwenyewe. Haya, tazama."

Akavua la kulalia kwa mkono mmoja, akabaki kifua wazi, mbavu zinahesabika. Akaliingiza shati mkono wa kulia. Kisha akaushika ule wa kushoto kwa mkono mzima, akausukumia kwenye tundu la mkono wa shati. Ukakwama. Akaurudisha, akausukuma tena. Jasho likamtoka. Lorna akapiga hatua.

"Usiguse!"

Lorna akasimama hapo hapo. Alikuwa anafumba na kufumbua vidole vyake mwenyewe.

Mkono ukaingia. Kikabaki kifungo. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akiunga uzi uliokatika kwenye mtambo unaokwenda, bila kuuzima, na wenzake mpaka leo wanasimulia. Kidole gumba kikasukuma kifungo, kikateleza. Tena, kikateleza. Birika jikoni likachemka, likajizima. Tena. Shagufta akainamisha macho kwenye karatasi zake.

"Usitazame chini, mama. Tazama hapa. Ndicho ulichojia."

Akajaribu mara nyingine, na nyingine. Kisha mkono ukaanguka.

"Andika," akasema, na alisema kwa ukali, kama anagombana na mtu. "Kuvaa hawezi. Kuoga hawezi. Viatu hawezi. Choo cha usiku hawezi, andika na hicho. Binti yangu ndiye anayenifanyia, kila siku ya Mungu, kabla hajaenda kuwafanyia wengine. Na sijamwambia asante hata siku moja."

"Baba, basi," Lorna akasema.

"Sijamaliza. Lile tarumbeta likachukuliwe leo. Sasa nimemaliza. Nipe kalamu."

Akatia saini. Lorna akanitazama mimi, jicho lile la kuuliza nani kasema, nami nikatazama dari.

Shagufta ni mwaminifu, hakutaka kutuuzia ndoto. Akaeleza kwamba viza ikitoka ni ya miaka miwili na miezi tisa, halafu inaombwa tena na masharti yanaangaliwa tena.

"Na hiyo posho ya Lorna inaendelea mpaka lini?" mzee akauliza.

"Maadamu anakutunza."

"Nikifa?"

"Baba!"

"Inakoma baada ya wiki chache," akasema Shagufta kwa upole. "Ikitokea kabla viza haijaombwa tena, Lorna atarudi kwenye zile elfu ishirini na tisa."

"Na nikipona?"

"Hivyo hivyo."

Mzee Wilf akaihesabu hesabu yake. "Kwa hiyo nisipone, na nisife."

"Baba, acha, tafadhali."

"Naulizia kazi yenyewe ilivyo. Nikishaijua naifanya." Akainua kidevu. "Haya, Lorna, nioshe. Na tai ile ya bluu. Saa tisa mkwe wangu anapiga simu, hawezi kunikuta hivi."

Mkwe wangu! Tangu harusi hajawahi kumwita ila "yule wa Serbia." Lorna akaweka beseni chini, akavuta kigoda, akakaa mbele ya baba yake, akaanza kumfunga vifungo. Alikaa kabisa. Mimi na Shagufta tukaenda jikoni kunywa ile chai mbaya.

Mengine yalichukua muda wake, na muda huo Lorna aliumaliza kwa kutembea huku na huku sebuleni badala ya kilimani. Posho ya mzee ikakubaliwa, kisha ya Lorna. Akaaga baa, akaaga vyoo vya ofisi, akabaki na saa chache za shule. Viza ikatoka kiangazi bendi zinapopita barabarani. Radoje akashuka na sanduku moja la nguo na mawili ya vifaa, meno yake yote yapo. Jambo la kwanza alilofanya ni kulifungua tarumbeta la Lorna mezani na kuuliza nani amelitunza, adui yake?

Mimi sikuacha mazoea ya kupitisha chakula mchana. Juzi nimeingia, kupitia mlango wa nyuma nikawasikia Lorna na Radoje wanafanya mazoezi kwenye ghala la uani, matarumbeta mawili yanagombana na kupatana. Mzee Wilf alikuwa kitini, tai shingoni, macho kayakaza, na mkononi, mkono wa kushoto, ule mpira. Anaufinya. Vidole havijikunji sana, lakini anaufinya, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola.

"Ala! Si ulisema kaburi halihitaji mkono wa kushoto?"

"Weka chakula hapo, Moza."

"Taratibu basi. Usije ukapona ukatuharibia."

"Sitapona," akasema, hakuinua macho. "Wala sifi. Bado miaka miwili na miezi saba." Akaufinya tena. "Sasa ondoka, niache. Niko kazini."